Mizani kwanza, modeli baadaye: kusaka fomula ya kemikali kwa roboti na ujifunzaji wa mashine

Mwongozo huu ni wa maabara ndogo yenye roboti moja ya kumimina vimiminika, mizani nzuri na fomula ambayo bado haijakaa sawa. Mfano utakaotumika kote ni shampuu angavu: safaktanti (viambato vya kusafisha na kutoa povu) mbili, chumvi, polima, kihifadhi na maji. Inaonekana kazi nyepesi, lakini viambato vinne vikibadilika kwa pamoja hakuna mtu anayeweza kubashiri matokeo kichwani. Kwa gundi, rangi au elektroliti ya betri njia ni hii hii; vinavyobadilika ni vipimo na hatari zake.

Mzunguko wenyewe ni mfupi kuueleza. Roboti hutengeneza kundi la sampuli, vifaa huzipima, modeli hujifunza kutokana na matokeo na kupendekeza kundi linalofuata, kisha roboti huanza upya. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuchagua modeli, ambayo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Namba inayotawala kazi nzima ni nyingine: ukitengeneza fomula ile ile mara nane, majibu yatapishana kwa kiasi gani? Hapa tutaiita kosa la marudio, na itarudi karibu kila hatua.

Lengo liandikwe kwa namba

"Shampuu nzito, angavu, ya bei nafuu" si lengo ambalo mashine inaweza kulifuata. Liandike hivi: mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, kati ya 4000 na 6000 mPa·s (milipaskali-sekunde, kizio cha mnato) kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ukungu chini ya NTU 10 (NTU ni kizio cha ukungu), pH 5.0, ikiruhusiwa kupishana kwa 0.2, isitengane baada ya saa 24 kwenye nyuzi 40 na saa 24 kwenye nyuzi 5, gharama ya malighafi iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Kisha gawa mafungu matatu. Kuna vinavyopimwa, kama mnato na ukungu. Hivyo ndivyo vitu ambavyo modeli itajifunza. Kuna masharti ya ndiyo au hapana, kama kutengana. Na kuna vinavyokokotolewa moja kwa moja kutoka kwenye fomula: gharama, jumla ya safaktanti, kiasi cha maji. Hivi vya mwisho usiipe modeli. Gharama ni kuzidisha na kujumlisha tu. Kuifundisha modeli ni kuleta makosa mahali ambapo hayakuwepo.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Lengo likiwa ni kufikia namba ya katikati, tuseme 4900, usiifundishe modeli "umbali kutoka 4900". Kwa kipimo cha logi (logaritimu), sampuli ya 2000 na ya 12000 ziko umbali ule ule kutoka 4900, ingawa moja inatiririka na nyingine imeganda kama jeli. Modeli itaziona ni kitu kimoja na itapotea. Ifundishe logi ya mnato wenyewe, na umbali uukokotoe baadaye wakati wa kuchagua sampuli. Logi si pambo: mnato wa michanganyiko hii huruka kutoka makumi hadi makumi ya maelfu, na bila logi sampuli mbili tatu nzito zitaimeza modeli nzima.

Eneo la kusaka na hesabu yake

Mipaka ya mfano wetu, kwa asilimia ya uzito: SLES, yaani sodiamu laureti salfeti, 6 hadi 14, CAPB, yaani kokamidopropili betaini, 1 hadi 5, chumvi ya mezani kwa jumla 0.5 hadi 3. Polima yenye chaji chanya, hapa polikwaterniamu-10, 0 hadi 0.5. Sodiamu benzoeti inabaki 0.5 daima, asidi ya sitriki hurekebisha pH, na maji hukamilisha 100.

Asilimia hizo ni za sehemu tendaji, si za uzito wa kimiminika kilichomo kwenye dumu. SLES ya mfano huu ina sehemu tendaji 28%, CAPB 30%. Chumvi na benzoeti huandaliwa kama myeyusho wa 20%, polima 2%, asidi ya sitriki 10%. Sampuli ya gramu 20 yenye SLES 9, CAPB 3, chumvi 1.5 na polima 0.2 inatoka hivi:

- SLES: 1.80 g tendaji ÷ 0.28 = 6.43 g
- CAPB: 0.60 g ÷ 0.30 = 2.00 g
- polima: 0.04 g ÷ 0.02 = 2.00 g
- benzoeti: 0.10 g ÷ 0.20 = 0.50 g
- chumvi: 1.00 g ya myeyusho
- nafasi ya asidi na kukamilishia: 0.30 g
- maji: 7.77 g

Kwa nini chumvi ni gramu 1.00 wakati 0.30 ÷ 0.20 ni 1.50? Kwa sababu CAPB ya viwandani huja na chumvi yake, mara nyingi karibu 5% ya uzito wa kimiminika. Gramu 2.00 za CAPB zimeshaleta 0.10 g, kwa hiyo kilichobaki ni 0.20 g tu. Soma cheti cha kila bechi ya malighafi, na modeli uipe chumvi ya jumla. Ukiipa chumvi uliyoongeza tu, itaamini kwamba betaini yenyewe inanenepesha kwa nguvu kuliko ilivyo kweli, na kosa hilo halitaonekana mpaka siku utakapobadilisha muuzaji.

Sasa jaribu pembe za eneo kabla ya roboti kugusa chochote. CAPB ikiwa 5%, kimiminika chake ni 16.67% ya mchanganyiko na kinaleta chumvi 0.83%. Basi "CAPB 5, chumvi 0.5" haiwezekani kabisa. Upande wa juu: SLES 14 ni gramu 10.00, CAPB 5 ni 3.33, polima 0.5 ni 5.00, chumvi 3 ni 2.17, ongeza benzoeti 0.50 na nafasi 0.30. Jumla ni 21.30 ndani ya kichupa cha gramu 20. Roboti haitalalamika, itamimina na asilimia zote zitakuwa uongo. Weka masharti haya mawili kwenye programu kama milinganyo, ili fomula isiyotengenezeka isipendekezwe. Kutumia SLES kali zaidi hakusaidii sana: ukolezi wake ukipanda kupita takriban 30% hugeuka jeli ngumu, na inabaki hivyo katika sehemu kubwa kabla ya kulainika tena karibu na 70%.

Kwa kuwa viambato vyote hujumlika kuwa 100, kimoja hakina uhuru. Ondoa maji kwenye orodha ya vigeu (vitu vinavyobadilishwa) vya modeli. Ukiyaacha, modeli itasambaza sifa kati ya maji na vingine bila maana.

Kumimina

Pipeti za hewa zimetengenezwa zikifikiria maji. Kwenye polima ya 2% zitachota pungufu na kuacha utando kwenye ncha, na programu itaandika kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Anza na kasi ya kuchota iliyo sehemu ya kumi ya kasi ya maji. Ncha ikiisha kuchota, isubiri sekunde 3 hadi 5 ndani ya kimiminika kabla ya kupanda, kisha ipande polepole. Chota kidogo zaidi ya unachohitaji, mimina kiasi kamili, na ziada irudi kwenye chombo chake. Usipulize hewa ya mwisho kwenye safaktanti: utapata povu, na povu huharibu kipimo cha ukungu na cha mnato kwa pamoja.

Hata ukifanya yote hayo, kichupa kikae juu ya mizani. Mizani inayosoma 0.001 g inatosha. Roboti ipime baada ya kila kiambato na kuandika uzito halisi, na huo uzito halisi ndio uende kwenye modeli, si ule uliokusudiwa. Ukipima hivi, kosa dogo la kumimina halikuharibii sampuli. Linakupa nukta nyingine halali iliyo pembeni kidogo.

Usahihi hauhitajiki sawa kila mahali. Kosa la 0.05 g kwenye SLES ni chini ya asilimia 1 ya kiasi chake. Kosa hilo hilo kwenye myeyusho wa chumvi ni 0.01 g ya chumvi, yaani 0.05% ya mchanganyiko. Kama kwenye mteremko huo mnato unapanda mara kumi kwa kila asilimia 1 ya chumvi, 0.05% peke yake itausogeza kwa karibu 12%. Chumvi ndiyo ya kubembeleza.

Kagua pipeti kwa maji yaliyosafishwa, mara kumi kwa kila ujazo, ukikumbuka kuwa kwenye nyuzi 20 mililita moja ya maji ni 0.9982 g. Halafu rudia ukaguzi kwa kimiminika chenyewe utakachokitumia. Pipeti iliyofaulu kwa maji haijathibitisha lolote kuhusu polima.

Mpangilio wa kumimina uwe mmoja kwa sampuli zote: maji, polima, CAPB, SLES, benzoeti, asidi, chumvi mwisho. SLES ikitua moja kwa moja juu ya polima yenye chaji chanya hufanya madonge ambayo hayavunjiki kwa urahisi; betaini ikitangulia huwa kama mpatanishi. Asidi ikikutana na benzoeti kabla ya kukorogwa huzaa fuwele za asidi ya benzoiki. Chumvi ikitangulia, mchanganyiko unanenepa mapema na visivyochanganyika vinabaki hivyo.

Kukoroga na kupima

Kipande cha sumaku hukwama mchanganyiko ukishakuwa mzito, na mara nyingi hakuna anayeona. Tumia kikorogeo cha juu chenye kasi ndogo kwa dakika 20, au vichupa vizunguke kwenye roli kwa saa mbili. Toa mapovu kwa sentrifyuji ya mwendo wa pole kwa dakika chache, kisha vichupa vikae saa 24 kwenye nyuzi 25 vikiwa vimefungwa. Usiruke mapumziko hayo, kwa sababu mnato wa sampuli iliyotoka kukorogwa ni namba nyingine.

Mnato upimwe kwa riomita, kifaa cha kupimia mnato, kwenye kasi ya mkato (kasi ya tabaka za kimiminika kuteleza moja juu ya nyingine) ya 10 kwa sekunde, kwa sekunde 60, ukichukua wastani wa sekunde 10 za mwisho. Kasi ikibadilika kati ya kundi na kundi huna data tena, kwa kuwa mchanganyiko huu hulegea kadiri unavyokatwa kwa nguvu. Wengine hutumia shinikizo ndani ya pipeti, au muda wa kimiminika kushuka, kama kipimo cha haraka. Inafaa kwa mchujo wa mwanzo mradi uwe na sampuli angalau kumi za aina hiyo hiyo zilizopimwa kwa njia zote mbili. Mafuta sanifu ya kusawazishia hayatoshi hapa, kwa sababu mnato wao haubadiliki na kasi.

Ukungu unaweza kupimwa kwa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 600 kwenye trei ya vishimo 96, ukilinganisha na miyeyusho sanifu ya fomazini. Elektrodi ya pH isawazishwe kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7, ioshwe vizuri, na ikaguliwe kila baada ya sampuli 12; utando wa safaktanti huifanya ijibu kwa uvivu.

Uimara wa miezi mitatu kwenye nyuzi 40 hauwezi kuingia kwenye mzunguko wa siku mbili. Tumia mchujo mkali wa saa 24 za joto, saa 24 za baridi, na sentrifyuji kwa dakika 30, huku ukijua kwamba unawakamata wabaya wa wazi tu. Zile tatu nne zitakazoshinda zipelekwe kwenye jaribio refu.

Kosa la marudio

Kabla ya kundi la kwanza, chukua fomula ya katikati ya eneo la kusaka uitengeneze mara nane, kila kichupa peke yake kuanzia mwanzo, nne leo na nne kesho. Kokotoa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) wa logi ya mnato kwa msingi wa kumi. Tuseme umepata 0.05, ambayo ni karibu 12%.

Sasa tazama dirisha lako, yaani mipaka ya mnato unaoutaka. Kutoka 4000 hadi 6000 kwa logi ni upana wa 0.176. Fomula iliyokaa katikati kabisa, ikiwa na kosa la 0.05, itasoma ndani ya dirisha takriban mara 92 kati ya 100. Kosa likiwa 0.10, ni mara 62 tu. Kwa maneno mengine, hata ukiipata fomula kamilifu, zaidi ya theluthi ya vipimo vyake vitasema imefeli. Hakuna modeli itakayokuokoa hapo. Rudi kwenye kumimina na kukoroga.

Ili kujua urudi wapi, pima kichupa kimoja mara tatu. Kama kichupa kimoja kinapishana kwa 0.01 na vichupa tofauti vinapishana kwa 0.05, riomita haina hatia. Kama siku ya kwanza na ya pili zimejitenga makundi mawili, tafuta joto la chumba, umri wa myeyusho wa polima, au elektrodi. Kazi hii huchosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Daftari la data

Kila sampuli iwe mstari mmoja wenye namba ya msimbopau, uzito uliokusudiwa na uliopimwa wa kila kiambato, namba za bechi za malighafi, nafasi kwenye trei, saa ya kutengenezwa na ya kupimwa, joto, na matokeo. Sampuli iliyofeli iandikwe pamoja na sababu yake: imetengana, ina madonge, roboti imekosea. Hizi ni sababu tatu tofauti, na modeli huzihitaji tofauti. Iliyotengana ni taarifa ya kikemia yenye thamani. Iliyoharibiwa na roboti haina la kusema kuhusu kemia, iondoe. Namba iliyovuka uwezo wa kifaa iandikwe "zaidi ya", usiweke sifuri wala kuiacha wazi.

Kundi la kwanza

Kwa vigeu vinne, vichupa 24 ni mwanzo mzuri: 20 vilivyotawanywa sawasawa katika eneo lote na 4 vya fomula ya katikati. Kutawanya kufanywe kwa mfuatano wa Sobol au mraba wa Kilatini, ukitupa nukta zinazovunja masharti mawili ya juu na kuongeza nyingine mpaka zifike 20. Usitumie gridi. Gridi ya ngazi tatu kwa vigeu vinne ni sampuli 81, na bado kila kigeu umekiona kwa thamani tatu tu. Kwa chumvi hiyo ni hatari: mnato hupanda nayo mpaka kilele, kisha hushuka, maana miseli (mikusanyiko ya molekuli za safaktanti) ndefu zilizosokotana huanza kutoa matawi na kuteleza. Thamani tatu zinaweza kukiruka kilele chote.

Changanya mpangilio wa sampuli kwenye trei kwa bahati nasibu. Zikipangwa kuanzia chumvi kidogo hadi nyingi, uvukizi na muda wa kusubiri utajificha ndani ya athari ya chumvi.

Modeli

Kwa data ya makumi ya sampuli, mchakato wa Gauss (modeli ya takwimu inayobashiri kutokana na sampuli zilizo jirani) unatosha, na kwa kawaida hushinda mitandao ya neva, ambayo huhitaji data nyingi zaidi. Sababu kubwa ya kuuchagua ni kwamba hautoi jibu tu, hutoa na kiasi cha shaka yake. BoTorch, Ax na BayBE ni maktaba huria za Python zenye kila kinachohitajika. Scikit-learn inatosha kwa kujifunzia.

Vigeu vipimwe upya viwe kati ya 0 na 1, matokeo yasawazishwe yawe na wastani 0 na mkengeuko 1. Tumia keneli (kanuni inayosema nukta zilizo karibu zinafanana kiasi gani) ya Matérn 5/2 yenye urefu tofauti kwa kila kigeu. Tengeneza modeli moja ya logi ya mnato, moja ya logi ya ukungu, na ya tatu ya kutabiri uwezekano wa kutengana. Sampuli iliyotengana isiingie kwenye modeli ya mnato: namba yake ni ya tabaka moja kati ya mawili, haina maana.

Ukaguzi ni huu: toa sampuli moja, fundisha kwa zilizobaki, bashiri iliyotolewa, rudia kwa zote. Sampuli za marudio zitolewe pamoja kama kundi, la sivyo modeli inachungulia jibu. Kisha linganisha kosa la ubashiri na kosa la marudio. Kama ubashiri unakosea kwa 0.20 na marudio ni 0.05, bado kuna kemia ya kujifunza. Kama yote ni 0.06, umefika mwisho wa kinachoweza kujulikana kwa vifaa hivyo. Kama ubashiri ni 0.02, usifurahi, hakuna modeli inayobashiri vizuri kuliko kipimo chenyewe kinavyojirudia, kwa hiyo tafuta data iliyovuja.

Tazama pia shaka. Kati ya sampuli 40, mbili hivi kuangukia nje ya ukanda wa 95% ni kawaida. Nane zikianguka nje, modeli inajiamini kupita kiasi, na mara nyingi chanzo ni kigeu kilichosahaulika, kama bechi mpya ya malighafi.

Makundi yanayofuata

Kila kundi la vichupa 24 lipangwe hivi: viwili vya fomula ya katikati, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, viwili vya kurudia fomula bora iliyopo, 16 vilivyochaguliwa na modeli, vinne vya kubahatisha katika maeneo ambayo hayajaguswa. Vile vinne huonekana hasara mpaka siku modeli itakapokuwa imejifungia kwenye kona moja.

Zile 16 zichaguliwe kwa pamoja, kwa kanuni inayojua kuwa ni kundi. Ukichukua tu 16 zenye alama za juu, zitakuwa pacha wa nukta moja. Kwa malengo mengi yanayovutana, kama gharama na ukungu, tumia kanuni ya kukuza eneo la Pareto, yaani la fomula ambazo huwezi kuboresha lengo moja bila kudhuru jingine. Katika BoTorch ile inayovumilia kelele inaitwa qNoisyExpectedHypervolumeImprovement. Kwa uwezekano wa kutotengana, ruhusu hata 0.3 katika kundi la pili ili mpaka wa uimara ujulikane, kisha panda hadi 0.7 kadiri unavyokaribia mwisho.

Kabla ya kuikabidhi roboti orodha, mkemia aisome. Dakika kumi zinatosha. Fomula zote 16 zikiganda kwenye ukingo wa mpaka mmoja, ama mpaka huo umewekwa vibaya, ama modeli inakimbilia isikokujua.

Muda uupange kwa uhalisi. Vimiminika saba mara vichupa 24 ni mimino 168. Kwa dakika moja kila mmoja, karibu saa tatu. Ongeza mapumziko ya saa 24 na vipimo, na kila mzunguko ni siku mbili. Mchujo wa joto na baridi uende sambamba, na majibu yake yaingie mzunguko unaofuata. Makundi matano, sampuli 120, ni wiki mbili za kazi. Zipo habari za kasi kubwa zaidi: mwaka 2020 roboti ya Chuo Kikuu cha Liverpool ilifanya majaribio 688 kwa siku 8 katika eneo la vigeu 10, na mwaka 2022 watafiti wa Carnegie Mellon waliboresha elektroliti za betri kwa majaribio 42 ndani ya siku mbili za kazi. Shampuu haiwezi kufuata mwendo huo, kwa sababu kinachotawala saa ni mapumziko ya kichupa, wala si mwendo wa mkono wa roboti. Ndiyo maana kuchagua vizuri kwa kila kundi kunalipa kuliko kununua mkono wa haraka.

Roboti ikifanya kazi peke yake usiku

Makatazo ya usalama yaandikwe kwenye programu ya kuendesha roboti, nje ya modeli kabisa. Modeli hujifunza kwa kukosea, na kuna makosa yasiyopaswa kutokea hata mara moja: hipokloriti pamoja na asidi hutoa gesi ya klorini, na modeli haijui hilo. Tengeneza orodha ya jozi zilizokatazwa, na amri yoyote yenye jozi hiyo ikataliwe kabla ya pipeti kusogea. Vimiminika vinavyowaka visimiminwe bila mtu na bila mfumo wa kunyonya hewa. Weka trei ya kuzuia mmwagiko, na mizani iwe mlinzi: uzito usipobadilika baada ya kumimina, au ukibadilika kupita 10% ya kilichoagizwa, roboti isimame.

Fomula za katikati unazorudia kila kundi nazo ni walinzi. Zikipishana na wastani wao kwa zaidi ya mikengeuko miwili, kagua. Zikipita mitatu, simamisha kundi na usiipe modeli data hiyo mpaka sababu ijulikane.

Kusimama, na kutoka kwenye kichupa

Simama pale maboresho ambayo modeli inayatarajia kwenye kundi linalofuata ni madogo kuliko kosa la marudio. Kuendelea baada ya hapo ni kuokota bahati. Fomula iliyoshika nafasi ya kwanza kwa kipimo kimoja karibu kila mara imependelewa na kelele kidogo, kwa hiyo chukua tano bora, tengeneza kila moja mara nne, ulinganishe wastani. Mara nne hupunguza kosa la 0.05 kuwa 0.025. Ikiwa mbili zinalingana, chagua iliyo kwenye uwanda tambarare: ile ambayo chumvi ikipishana kwa 0.1% bado mnato unabaki ndani ya dirisha. Kiwandani hakuna atakayepima kama roboti.

Usisubiri mwisho kujaribu kiasi kikubwa. Baada ya kundi la tatu tengeneza gramu 500 za fomula inayoongoza. Chombo kikubwa hukoroga kwa namna nyingine, hupoa polepole zaidi, na hunasa hewa zaidi. Kwa krimu na emalshani tofauti hiyo inaweza kubadilisha ukubwa wa matone na kila kitu kinachofuata. Matokeo ya gramu 500 yaingie kwenye data yakiwa na alama yake, yasichanganywe na ya kichupa kama kwamba ni kitu kimoja.

Bechi mpya ya SLES ikija, huna haja ya kuanza upya. Chukua fomula iliyoshinda, tengeneza sampuli tano zenye chumvi tofauti kuzunguka kiasi kilichochaguliwa, kwa mfano pungufu ya 0.4 na 0.2, kiasi chenyewe, na zaidi ya 0.2 na 0.4. Ziongeze kwenye modeli zikiwa na kigeu cha bechi. Mkunjo ukihama kushoto au kulia bila kubadili umbo, sogeza chumvi kwa kiasi hicho hicho na uendelee. Umbo lenyewe likibadilika, yaani kilele kikiwa kifupi au kipana zaidi, soma cheti cha bechi ukiangalia sehemu tendaji, chumvi iliyomo na mabaki ambayo hayakugeuka salfeti, kisha fanya kundi zima la vichupa 24 kwa bechi hiyo.